Ndege ya Rimoti Uliyoiunda Inapogoma: Dalili, Chanzo na Tiba

Ndege nyingi za rimoti zinazoanguka siku ya kwanza zilishaharibikia mezani. Betri ilikaa sentimita mbili nyuma ya mahali pake, bawa lilikaukia gundi likiwa limejipinda, au aileroni (kiwambo kinachocheza kwenye ukingo wa nyuma wa bawa) inapanda pale inapotakiwa kushuka. Rubani anajilaumu kuwa mikono yake mizito, ananunua rimoti ya bei kubwa zaidi, na ndege ya pili inaanguka vilevile. Hapa tunaanza na unachokiona, kisha tunashuka kwenye vyanzo, kile kinachotokea mara nyingi kikitangulia.

Mfano wetu ni ndege ya kujifunzia: bawa moja lililokaa juu ya kiwiliwili, urefu wa kama mita 1.4 kutoka ncha hadi ncha, uzito wa takriban gramu 1,100 ikiwa tayari kuruka, mota isiyo na brashi, kidhibiti mwendo (ESC) cha ampea 30, servo nne za gramu 9 (mota ndogo zinazosogeza viwambo) na betri ya LiPo, yaani ya lithiamu, ya seli tatu yenye mAh 2200. Ndege yako ikiwa kubwa au ndogo kuliko hii, namba zitabadilika lakini mpangilio wa ukaguzi utabaki uleule.

Weka karibu mizani ya jikoni, rula, multimita, kipimaji cha seli za betri, msasa na kalamu ya alama. Na kabla ya jaribio lolote la umeme, fungua propela uiweke pembeni. Propela ya inchi 10 kwenye mota ya wati 200 inakata kidole hadi mfupani, na mota inaweza kuwaka ghafla kwa kosa dogo la mpangilio wa rimoti. Majaribio yote ya mezani yaliyo hapa chini yanafanywa bila propela, isipokuwa kupima wati.

Boksi limefika lakini ndege haiwezi kuruka

Chanzo cha kwanza ni herufi zilizo kwenye boksi. RTF maana yake kila kitu kimo, pamoja na rimoti, betri na chaja. PNP ina mota, ESC na servo, lakini rimoti, resiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti), betri na chaja unajitafutia. ARF kwa kawaida ni mwili uliokwisha kuundwa bila umeme wowote. KIT ni vipande vya mbao au foamu pamoja na mchoro, na kazi yote inakungoja. Watu hulinganisha bei za maboksi bila kulinganisha kilichomo, kisha PNP iliyoonekana rahisi inageuka ghali kuliko RTF mara tu rimoti na chaja vinapoongezwa.

Chanzo cha pili ni kibaya zaidi, kwa sababu boksi limekamilika na bado ndege haikufai. Spitfire au P-51 Mustang ndogo, yaani mfano wa ndege ya kivita ya zamani, ni nzuri kwa macho. Bawa lake ni la chini, jembamba kwenye ncha, na uzito wake ni mkubwa kwa eneo lile. Mwendo ukipungua kidogo wakati wa kona, ncha moja inaacha kubeba kabla ya nyingine, na ndege inajipindua. Hakuna mpangilio wa rimoti unaoponya hilo. Kabla ya kulipa, piga hesabu ya mzigo wa bawa: gawanya uzito kwa gramu na eneo la bawa kwa desimita za mraba. Bawa la mita 1.4 lenye kina cha sentimita 20, yaani kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, lina desimita za mraba 28. Gramu 1,100 ukigawanya kwa 28 unapata 39. Kati ya 30 na 50 ndege ya ukubwa huu humvumilia anayejifunza. Ikizidi 60, mwachie aliyekwisha kuzoea.

Kuhusu foamu au mbao za balsa: anza na foamu ya EPO, aina inayonyumbuka. Inapopigwa hubonyea badala ya kupasuka, na supaglu inaitengeneza papo hapo uwanjani. Balsa hufundisha uundaji kwa undani usiopatikana kwenye foamu, na ndege yake huruka kwa ulaini, lakini jioni nyingi za kazi zinaweza kuishia ardhini kwa sekunde mbili. Iunde ukiwa umeshajua kutua.

Jambo la kuuliza kabla ya kuagiza: Kenya na Tanzania zote zina kanuni za vyombo vya angani visivyo na rubani, chini ya mamlaka zao za usafiri wa anga, KCAA na TCAA. Ulizia kibali kwanza, mzigo usije ukakwama forodhani. Anayekuletea betri kwa ndege ya abiria, iwe kutoka Dubai au Ulaya, azibebe kwenye mkoba wa mkononi huku ncha zimefunikwa kwa selotepu. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye sanduku la chini. Yetu ya volti 11.1 na mAh 2200 ina Wh (wati-saa) 24 tu, chini sana ya kiwango cha Wh 100.

Bawa limejipinda, au gundi haishiki

Simama nyuma ya ndege, funga jicho moja, na ulinganishe ukingo wa nyuma na wa mbele wa kila bawa. Ncha zote mbili zikiwa zimeinuka nyuma kwa kiasi kilekile, huenda ndivyo ilivyobuniwa ili ncha zisiwahi kuacha kubeba, angalia mchoro. Upande mmoja ukiwa tofauti na mwingine, hata kwa milimita 3, ndege itavuta upande mmoja maisha yake yote, na itavuta zaidi kila unapoongeza mwendo.

Mara nyingi bawa limegundiwa juu ya meza isiyonyooka. Kioo kinene au ubao wa mlango usio na maumbo ni msingi mzuri. Meza ya mbao laini ya kula chakula siyo. Chanzo kingine ni gari: foamu iliyoachwa nyuma ya kioo juani saa saba mchana hulegea na kuchukua umbo la chochote kilichoilalia. Kwa balsa iliyofunikwa kwa filamu, filamu imevutwa zaidi upande mmoja. Pinda bawa kinyume cha kasoro, kupita kidogo pale unapotaka libaki, pasha filamu kwa pasi ndogo au draya, kisha shikilia hadi ipoe. Foamu inapindwa hivyohivyo kwa hewa ya moto ya draya, kwa uvumilivu. Ukiona uso unaanza kutoa vipele, joto limezidi.

Gundi ina sheria zake. Supaglu ya kawaida inayeyusha foamu nyeupe ya aina ya vifungashio vya televisheni, ila EPO inaistahimili; jaribu kwanza kwenye kipande kisichoonekana. Gundi nyeupe ya mbao inatosha kwa viungo vingi vya balsa, lakini ubao wa mota na kiungo cha katikati ya bawa vinataka epoksi ya dakika 30, sehemu zake mbili zikichanganywa sawa kwa sawa. Epoksi iliyobaki inanata siku ya pili ilichanganywa kwa kukisia, na haitakauka tena. Ikwangue na uanze upya. Gundi ya bunduki ya moto isishike kitu kinachobeba uzito wa ndege. Jua la Mombasa au Dodoma linailegeza, na mota hung'oka hewani.

Boriti ya bawa, iwe ya mbao au ya kaboni, ikiwa na ufa, usiizungushie selotepu ukaruka. Hapo simama. Badilisha boriti nzima, au mpe mtu aliyewahi kuunda bawa.

Umeunganisha betri, mota haizunguki

ESC inazungumza kwa milio, na ukiisikiliza utapunguza nusu ya kazi.

Mlio wa harakaharaka usiokoma, kwenye ESC nyingi, unamaanisha kijiti cha mwendo hakipo chini kabisa. Kishushe, na trimu yake (kitufe kidogo cha marekebisho kilicho kando yake) pia. Kama tayari kipo chini, basi chaneli ya mwendo imegeuzwa: rimoti inatuma «kamili» wakati wewe unaona «sifuri». Nenda kwenye menyu ya kugeuza chaneli, geuza ya mwendo, zima kila kitu na uanze tena. Kisha fanya kalibresheni, maana ESC mpya haijui mwisho wa vijiti vyako: propela ikiwa nje, washa rimoti kijiti kikiwa juu kabisa, unganisha betri, subiri milio miwili, shusha kijiti chini kabisa, subiri milio ya kuthibitisha.

Mlio mmoja kila baada ya muda ni dalili kwamba hakuna mawimbi yanayofika. Angalia waya wa ESC umechomekwa chaneli gani. Rimoti za mpangilio wa Futaba, na Flysky pia, huweka mwendo chaneli ya 3; Spektrum huuweka chaneli ya 1. Angalia pia kama plagi ya waya tatu imegeuzwa, waya wa kahawia au mweusi ukiwa upande usio wake. Mwisho, angalia taa ya resiva: ikimetameta, haijaoanishwa na rimoti.

Kimya kabisa, bila mlio wowote? Pima betri, kisha plagi. Plagi ya betri ya aina ya XT60 iliyochomewa risasi ikiwa baridi huonekana imeshika na kumbe haipitishi umeme. Fundi wa simu mwenye pasi ya wati 60 na kuendelea ataimaliza kwa dakika tano. Mwambie tu asikate waya zote mbili za betri kwa wakati mmoja, kwa sababu LiPo haina swichi na cheche yake huyeyusha ncha ya mkasi.

Mota inatetemeka na kulia bila kuzunguka: toa betri mara moja. Waya mmoja kati ya zile tatu za mota haujashika. Ukiendelea kulazimisha kijiti, ESC inaungua ndani ya sekunde chache na kutoa moshi. Kaza viunganishi, pima kama waya zote tatu zinapitishana, na tatizo likibaki baada ya hapo badilisha mota au ESC. Ndani ya ESC hakuna cha kutengeneza kwa mkono.

Mota inazunguka kinyume? Badilishana waya wowote wawili kati ya zile tatu. Kwisha.

Servo zinatetemeka, au zinakwenda kinyume

Huu wa pili ndio uharibifu unaoepukika kuliko wote, na bado unaua ndege nyingi. Simama nyuma ya ndege, uso wako ukielekea iendako. Kijiti kulia: aileroni ya kulia inapanda, ya kushoto inashuka. Kijiti cha elevata (kiwambo cha mkiani kinachoinua na kushusha pua) ukikivuta kwako: elevata inapanda. Usukani wa mkia kulia: unaelekea kulia. Sema kwa sauti unapoangalia, na fanya hivyo kila siku ya kuruka, siyo siku ya kwanza tu.

Ndege yenye gairo (kifaa kinachohisi mwinamo na kuirekebisha ndege chenyewe) ina jaribio la pili ambalo wengi hawalijui. Gairo hupokea hisia zake yenyewe, kwa hiyo vijiti vinaweza kuwa sahihi huku gairo ikisukuma kinyume. Iinue ndege, iinamishe haraka upande wa kulia: aileroni ya kulia inatakiwa kushuka, ili kuliinua bawa lililoanguka. Inamisha pua chini: elevata inatakiwa kupanda. Ikifanya kinyume, geuza mwelekeo wa gairo yenyewe na uache chaneli ya rimoti ilivyo. Ndege iliyopaa na gairo iliyogeuka inajipindua kabla hujamaliza kuvuta pumzi.

Kutetemeka mara nyingi hutoka kwenye fito ya kusukuma inayobana: fungua fito kwenye mkono wa servo, na servo ikitulia, msuguano ndio tatizo. Servo moja ikiendelea kutetemeka hata kwenye chaneli nyingine, meno au kipimo chake cha ndani kimekwisha, ibadilishe. Zikitetemeka zote kwa pamoja, twende kwenye umeme wa resiva, chini kidogo.

Kuna mlio wa mavumo unaosikika ndege ikishuka kwa kasi, kama mtu anayepuliza karatasi. Ni aileroni au elevata inayopigapiga hewani. Punguza mwendo hapohapo, inua pua polepole, tua. Chini utakuta bawaba imelegea, tundu la pembe ya kusukumia limepanuka, au fito ni nyembamba mno na inapinda. Shika servo isitikisike, sukuma kiwambo kwa kidole. Kikicheza zaidi ya milimita 1 kwenye ndege ya ukubwa huu, kaza kabla ya kuruka tena.

Pua inapanda bila kuambiwa, au ndege inazama

Hapa tusikimbie. Malalamiko mengi yanayopelekwa kwenye rimoti, mota au upepo yana jibu kwenye sehemu moja ya bawa: mahali ndege inapolingana ukiishikilia kwa vidole viwili, yaani kitovu chake cha uzito.

Fuata mchoro wa seti yako. Mchoro ukikosekana na bawa likiwa na kina kimoja kutoka ncha hadi ncha, chukua asilimia 25 hadi 30 ya kina hicho ukipima kutoka ukingo wa mbele. Kina cha milimita 200 kinatoa milimita 50 hadi 60. Weka alama chini ya bawa pande zote mbili, karibu na kiwiliwili. Funga kila kitu kinachoruka: betri, propela, magurudumu, hata stika. Inua ndege kwa ncha za vidole kwenye alama. Pua ikiinama kidogo, safi. Mkia ukishuka, usiruke, hata kama watu wamekusanyika wanasubiri.

Tunakazia hivyo kwa sababu makosa haya mawili hayalingani. Ndege yenye pua nzito ni mvivu: inataka elevata nyingi kubaki sawa, inazama ukipunguza mwendo, na inatua kwa kasi. Lakini unaitua. Ndege yenye mkia mzito inapanda, inasita, inashuka, inapanda tena, na kila unapogusa kijiti inajibu mara mbili ya ulivyotaka. Mikono mizoefu hushindwa nayo.

Tiba huanza na kisicho na uzito: sogeza betri mbele. Kwenye foamu unaweza kukata nafasi zaidi kwa kisu. Kisha angalia umeongeza nini mkiani. Tuseme mkia uko milimita 600 nyuma ya kitovu na pua iko milimita 200 mbele yake: kila gramu 10 za epoksi na rangi ulizomwaga mkiani zinadai gramu 30 za risasi puani. Ndiyo maana mafundi wa balsa hupiga msasa mkia hadi uwe mwepesi kama ganda la kitunguu, na hugundi huko kwa matone. Risasi ni hatua ya mwisho, na igundiwe imara. Kipande kinachotembea ndani ya kiwiliwili huhamisha kitovu hewani.

Ndege ikishalingana mezani, hewani kuna jaribio la kuithibitisha. Ukiwa juu ya kutosha, ndege imetrimiwa kwenda sawa, zima mota, ielekeze chini kama nyuzi 45 na uachie elevata. Ikijiinua taratibu, kitovu kipo pazuri. Ikijiinua kwa nguvu, pua ni nzito. Ikizidi kuzama, mkia ni mzito: ivute mara moja, tua, sogeza betri mbele milimita 5 na urudie.

Kama pua inapanda wakati wa mota kamili tu na kutulia ukipunguza, kitovu hakina kosa. Mota inatazama juu mno. Tia washa za chuma, yaani pete bapa za skrubu, nyuma ya mota kwenye skrubu za juu ili itazame chini kidogo. Ikiwa umbali kati ya skrubu ni milimita 25, washa ya milimita 1 inaigeuza nyuzi 2 na zaidi kidogo. Wengi hawahitaji kupita nyuzi 3.

Inavuta kushoto ikirushwa

Propela inayozunguka kuelekea kulia, ukiitazama kutoka nyuma, huisukuma ndege kushoto, hasa ikiwa na mwendo mdogo na mota kamili. Kiasi fulani ni kawaida. Washa ileile ya milimita 1 kwenye skrubu za upande wa kushoto inaielekeza mota kulia, na hilo kwa kawaida latosha. Kama inavuta hata mota ikizimwa, rudi kwenye bawa lililojipinda, au inua ndege kwa pua na mkia uone bawa lipi linashuka. Sarafu moja iliyogundiwa kwenye ncha nyepesi inasawazisha. Inayovuta ikiwa bado inakimbia ardhini ina gurudumu lililokaa mshazari.

Haina nguvu ya kupaa

Kwanza tazama propela. Maandishi yake yanatazama mbele, iendako ndege, hata kama mota iko nyuma ya bawa. Propela iliyofungwa kinyume bado inasukuma, na ndiyo maana kosa hili hupita: ndege inasogea, inapiga kelele, haipandi. Pili, pima betri ikiwa na mzigo. LiPo iliyochoka huonyesha volti 12.6 mezani na kuporomoka chini ya 10 mara mota inapokolea. Tatu, pima wati. Kipimaji cha wati kati ya betri na ESC, hapa propela ikiwa imefungwa, ndege imeshikiliwa na mtu wa pili kutoka nyuma, na hakuna aliyesimama mbele wala ubavuni mwa propela. Ndege ya kujifunzia inataka kama wati 150 hadi 200 kwa kila kilo. Ampea zikikaribia zile za ESC, propela ni kubwa mno, usingoje moshi.

Halafu kuna mwinuko wa mahali, jambo ambalo vitabu vya seti havilitaji kwa kuwa vimeandikwa na watu wa tambarare. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Hewa yake ni pungufu kwa takriban asilimia 16 kuliko ya Dar es Salaam, na bawa lilelile linahitaji kasi zaidi ya karibu asilimia 9 ili libebe uzito uleule. Eldoret, kwenye kama mita 2,100, ni zaidi ya hapo. Ndege iliyopaa vizuri Tanga itaonekana mgonjwa kule Nairobi bila kuwa na ugonjwa. Punguza uzito, ongeza mbio za kupaa, na uje na mwendo zaidi wakati wa kutua. Propela kubwa kwa inchi 1 inasaidia, ilimradi upime ampea upya. Pwani shida ni nyingine: kusi ikishakolea, ndege nyepesi inarudi kinyumenyume. Ruka alfajiri kabla upepo haujaamka.

Umeme unakatika angani

Tofautisha mambo mawili kabla ya kugusa chochote. Mota imezima lakini servo zinatii? ESC imeona betri imeshuka na imekata mota ili kukuachia umeme wa kutua. Tua. Usipigepige kijiti ukitafuta dakika moja zaidi. Weka kengele ya rimoti: kwa betri hii anza na dakika 6, pima seli baada ya kutua, na urekebishe hadi ziwe zinabaki na volti 3.7 hadi 3.8 kila moja. Kama betri bado imejaa, ESC imepata joto kwa kukosa hewa. Toboa njia ya hewa ya kuingia, na ya kutokea iwe kubwa zaidi.

Servo hazitii na ndege inakwenda inakotaka: chanzo cha mara nyingi ni umeme wa resiva kuzidiwa. ESC ndogo hutoa volti 5 na ampea 2 kwa servo zote, na servo moja iliyokwama inaweza kumeza sehemu kubwa ya hizo. Jaribu mezani: tikisa vijiti vyote kwa pamoja huku ukitazama taa ya resiva. Ikififia au kumetameta, ondoa msuguano kwenye fito, au weka kipunguza volti cha pekee chenye ampea 3 hadi 5. Kisha antena. Waya mwembamba wa mwisho, wenye urefu wa kama milimita 31 kwa mawimbi ya 2.4 GHz, ndio unaosikia. Usiukate, usiukunje, usiulaze kando ya betri au kaboni. Zikiwa mbili, ziachane kwa pembe mraba.

Kila siku ya kuruka, fanya jaribio la masafa jinsi kitabu cha rimoti yako kinavyoagiza; nyingi zina hali ya nguvu ndogo na hutaka udhibiti kamili ukiwa umbali wa hatua kama 30. Na mezani, zima rimoti huku mota ikizunguka. Mota lazima isimame. Isiposimama, mpangilio wa kukosa mawimbi haujawekwa, na ndege iliyopotea itaenda na mota kamili hadi impate mtu au bati la nyumba. Ndege ya namna hiyo haitoki nyumbani.

Betri imevimba au inachemka

Hakuna ukaguzi mrefu hapa. Betri iliyovimba kama mto haichajiwi tena. Vivyo hivyo iliyotobolewa, au yenye seli iliyo chini ya volti 3.0. Itoe nje, iweke juu ya mchanga au kwenye sufuria ya udongo, mbali na ukuta na mkeka. Ikiwa imetulia, ipunguze umeme ikiwa nje palepale kwa balbu ya gari ya volti 12 hadi izime kabisa, kisha ipeleke kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki. Ikianza kutoa moshi, ondoka upande moshi unakopelekwa na upepo, usivute hewa yake, watoe watu na upige simu zimamoto kama iko karibu na kitu kinachowaka.

Betri isiyo na kasoro ichajiwe kwa chaja ya kusawazisha seli, kwenye ampea 2.2 kwa mAh 2200, mahali pa saruji au vigae, ukiwepo. Seli moja ikitofautiana na nyingine kwa zaidi ya volti 0.1 mwisho wa chaji, iangalie kwa jicho la pili. Usipoitumia kwa siku kadhaa, ihifadhi kwenye volti 3.8 kila seli. Kuiacha imejaa wiki nzima kwenye chumba cha joto ndiko kunakoivimbisha.

Ndege imeanguka

Shusha kijiti cha mwendo kabla hujaanza kutembea. Ukifika, toa betri kwanza, na kuipiga picha kuwe baadaye. Iweke betri kwenye mchanga, ukiitazama kwa nusu saa hata ikionekana haijaguswa, kwa kuwa seli iliyobonyea huweza kuwaka baadaye. Kusanya vipande vyote vya foamu, hata vidogo. Vikirudishwa mahali pake bawa linarudi na umbo lake kuliko ukijaza kwa gundi. Zungusha mota kwa vidole: ikikwaruza, ekseli imepinda. Pima kitovu cha uzito upya, sababu gundi ya ukarabati ina uzito. Rudia jaribio la masafa.

Propela iliyopata ufa, hata wa unywele, haigundiwi. Ivunje vipande viwili kabla ya kuitupa, asije mtu mwingine akaiokota na kuifunga.